Muulize Sista: Nauli ya kwenda mliipata, ya kurudi kliniki je?

Toleo lililopita nilimjibu dada mmoja wa Kilosa aliyetaka kujua kama mgonjwa wa akili anaweza kutibiwa huku akiendelea kulala nyumbani kwake. Nilimwambia ndiyo, na tena walio wengi hutibiwa hivyo hivyo. Basi, simu ya mhariri haikupumzika. Nimechagua maswali sita, majina nimeyaondoa, na mengine nimeyafupisha maana kuna waliotuma historia ya ukoo mzima. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni muuguzi wa afya ya akili, nilisomea Dodoma, nikazungushwa hospitali za wilaya mpaka nikastaafu. Udaktari bingwa sina. Benchi la kliniki ndilo ninalolijua.

SWALI: Shikamoo Sista. Mimi ni mkulima, naishi kijijini huku Mpanda. Mdogo wangu ana miaka 23. Mwaka jana alianza kwa kukesha, kisha akawa anaongea peke yake, anasema redio inamtaja jina, akasusa chakula cha mama akidai kina sumu. Tuliuza mahindi na ng'ombe mmoja, mjomba wa Tabora naye akatuma, tukapanda naye treni mpaka Dodoma, hospitali ya akili ya Mirembe. Alilazwa, akapata nafuu, tukarudi naye anatania watu njiani. Tulipewa dawa za mwezi mmoja na karatasi. Dawa zilikwisha zamani. Sasa ameanza tena kukesha. Ng'ombe wa kuuza hatuna. Je, tuombe mchango wa ukoo tumrudishe Dodoma? (Kaka mtu, Mpanda)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza msiuze kitu chochote.

Hiyo karatasi mliyopewa iko wapi? Itafute leo: juu ya kabati, ndani ya Biblia, mfuko wa koti la baba. Ndiyo inayotaja ugonjwa, jina la dawa na kiasi anachokunywa, na kwa kawaida imeandikwa kwa ajili ya watu wa afya walio karibu na kwenu. Maana yake Dodoma wamekwisha kufanya yao, na sasa mgonjwa ni wa hospitali ya wilaya yenu, au ya rufaa ya mkoa. Nimeona familia zikiitunza karatasi hiyo kama hati ya kiwanja, haioni jua, mpaka mgonjwa anapochachamaa upya.

Sikulaumu kufikiria Dodoma. Mirembe ipo tangu 1927, na kwa miaka mingi mtu wa Bara akizidiwa safari ilikuwa huko. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na wafadhili wa Denmark, ilijaribu katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuishusha huduma hii mpaka kwenye vituo vya afya na zahanati. Wauguzi na waganga wa kawaida walifundishwa kumtambua mgonjwa, kumpa dawa na kumfuatilia. Ndipo watu wa fani yangu wakaanza kuonekana wilayani. Mambo hayakwenda sawa kila mahali, nami sitakudanganya: kuna wilaya ina wauguzi wawili hodari, na kuna nyingine kitengo ni meza moja na kabati lisilofungika. Lakini nenda uone kwanza kabla ya kukata tiketi ya treni.

Ukifika mapokezi usiseme "tumeleta mgonjwa" ukanyamaza, mtapelekwa kwenye foleni ya malaria. Sema unatafuta kitengo cha afya ya akili, na uulize siku ya kliniki, kwa sababu hospitali nyingi za wilaya hazifanyi kila siku. Atakayewapokea huenda akawa muuguzi au afisa tabibu. Msimdharau kwa kuwa si bingwa. Mabingwa wa magonjwa ya akili nchini ni wachache mno, na wengi wako miji mikubwa. Kazi ya kila mwezi, ya kumwangalia mgonjwa machoni na kuuliza analala saa ngapi, inafanywa na hao hao wauguzi.

Kuhusu pesa: sera ya Serikali inawaweka wagonjwa wa akili wa muda mrefu katika kundi la msamaha. Ofisi ya kuulizia ni ya ustawi wa jamii, iliyomo humo humo hospitalini. Chukua barua kwa mtendaji wa kijiji kabla hujaondoka nyumbani, usije ukarudishwa kilomita zote hizo kwa ajili ya muhuri. Ila sera ni sera na stoo ni stoo. Kuna miezi utaambiwa dawa hazipo. Hapo usiondoke mikono mitupu, omba uandikiwe cheti chenye jina halisi la dawa na dozi, ununue kwenye famasi iliyosajiliwa. Dawa ambazo vijana wa namna ya mdogo wako hupewa mara nyingi, klopromazini au haloperidoli, ni za miaka mingi na hazina bei ya kutisha. Kinachoumiza ni kununua vidonge vitano leo, vitano wiki ijayo, halafu basi.

Muulize pia muuguzi kuhusu sindano ya mwezi, wengi wanaiita Modecate. Ni dawa iliyochanganywa na mafuta, nzito. Huvutwa taratibu kwa sindano nene, hudungwa ndani kabisa ya msuli wa tako, na muuguzi anayejua kazi hasukumi kwa pupa. Ukishachomwa usipasugue. Inakaa mwilini wiki kadhaa ikiachia kidogo kidogo, kwa hiyo mama hahitaji kumvizia mtu mzima asubuhi na jioni kuona kama amemeza. Si kila mgonjwa inamfaa, ndiyo maana nasema uliza.

Yapo mambo mawili ambayo watu hawaambiwi, wakishayaona wanaacha dawa. Kama anakunywa klopromazini, jua litamchoma ngozi kuliko zamani, na ninyi ni wakulima. Avae kofia pana na shati la mikono mirefu akiwa shambani. Kama ni haloperidoli, au hiyo sindano, anaweza siku moja shingo ikapinda upande, macho yakaangalia juu, ulimi ukawa mzito. Familia husema majini yamerudi. Hayajarudi. Ni dawa imekaza misuli, na ipo dawa nyingine ya kuilegeza. Akifika kituo cha afya anafunguka siku hiyo hiyo. Kuna kidonge cha kuzuia hali hiyo kinachoitwa benziheksoli. Kama ameandikiwa, anywe asubuhi, maana usiku kinaweza kumnyima usingizi.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Ukoo ulipata nauli ya Dodoma kwa kishindo: ng'ombe, mahindi, mjomba kutoka Tabora akatuma. Nauli ya mwezi wa pili, ambayo labda ni ya basi dogo tu mpaka mjini, haikuwa na mwenyewe. Nimeyaona haya mno. Ugonjwa huu unataka kidogo kila mwezi, na sisi tumezoea kutoa kikubwa mara moja. Kaeni chini, mama, wewe na huyo mjomba, mpange nani anatoa nauli ya mwezi gani. Kama mama yuko kwenye kikoba, aweke fungu la kliniki. Wenzako wengine hutenga kuku: huyu haliwi hata akija mkwe. Masika yakikaribia, mwombe muuguzi dawa za miezi miwili, umweleze kwamba barabara yenu hukatika. Na mhudumu wa afya wa kijiji chenu ajue tarehe ya kurudi, siyo wewe peke yako.

Kukesha ndiko dalili yake ya kwanza, kama ulivyoandika mwenyewe. Msingoje redio imtaje tena. Mpeleke wiki hii.

SWALI: Sista, mimi nina genge la chakula Mbagala, miaka 34, watoto watatu. Karibu mwaka mzima sina raha. Naamka saa tisa usiku nalia bila sababu. Kichwa, mgongo, mwili kama nimepigwa. Nimepimwa UTI na taifodi mpaka nimechoka, kila zahanati wananipa dozi. Daktari mmoja juzi akasema niende kliniki ya akili hospitali kubwa. Sista, wateja wangu wakiniona pale nani atanunua chakula kwa kichaa? (Mama Watatu, Dar es Salaam)

JIBU: Pole mdogo wangu. Na huyo daktari wa juzi mshukuru, maana ameona kitu ambacho wenzake walikuwa wanakitibu kwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria.

Unayoyaeleza yanafanana sana na sonona. Kwetu sonona mara nyingi haiji ikisema "nina huzuni". Inakuja kama kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, joto tumboni, uchovu wa asubuhi kabla hujafanya lolote. Ndiyo maana mnazungushwa maabara. Vipimo vingine vina maana, usivikatae: upungufu wa damu, tezi la shingo, virusi vya UKIMWI, sukari. Lakini taifodi ya nne katika mwaka mmoja, hapana.

Uko Temeke, kwa hiyo hospitali ya rufaa ya mkoa ya Temeke ndiyo jirani yako, ina huduma hiyo. Nikueleze kitakachotokea ili usiogope mlango. Utakaa kwenye benchi. Utaitwa. Atakayekuhoji atauliza unalala vipi, unakula vipi, lini mara ya mwisho ulifurahia kitu, kama unajilaumu, kama umewahi kuona afadhali ufe. Hilo la mwisho linaulizwa kwa kila mtu, lijibu kwa ukweli. Atauliza kuhusu nyumbani pia, kama unapigwa, kama kuna pombe, kama umefiwa. Hakuna atakayekulaza kwa sababu umelia. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 imeweka taratibu za nani alazwe na vipi, na wewe unakwenda kwa miguu yako na utarudi kwa miguu yako, ukawahi kununua mchele.

Kama utapewa dawa, huenda ikawa amitriptilini au fluoksetini. Sikiliza hapa vizuri. Hizi si panado. Wiki ya kwanza na ya pili unaweza usione faida yoyote, ukaona karaha zake tu: mdomo kukauka, usingizi mzito au tumbo kuchafuka. Nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, nne mpaka sita ni kawaida. Wengi huacha wiki ya pili wakisema "dawa za vichaa zimenilegeza bure". Ukipata nafuu utaendelea nazo miezi tisa mpaka mwaka, kisha muuguzi na daktari watazipunguza taratibu. Uteja kama wa dawa za kulevya hazileti. Na kama kliniki ina mtu wa ushauri nasaha, mng'ang'anie. Kuongea na mtu aliyefundishwa kusikiliza ni tiba kamili. Kule Zimbabwe, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda na wenzake wamewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye shida kama yako, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi tu, wamefundishwa, na benchi.

Ama kuhusu wateja: kwenye benchi langu nimewahi kuwa na mwalimu mkuu, askari, fundi cherehani, mke wa shehe, na kijana aliyekuwa ananiuzia mkaa. Atakayekuona pale naye kafuata nini? Vaa vizuri, nenda mapema, jifunge mtandio kama unataka. Wateja wanafuata wali na maharage yako, na nina hakika mkono wako jikoni kwa sasa hauko sawa.

SWALI: Mtoto wetu anatibiwa hospitali, lakini bibi yake anasema bila kumpeleka kwa mganga hatapona. Mume wangu yeye anataka maombi. Je, tunaweza kuchanganya? (Tanga)

JIBU: Mnaweza kuomba hata usiku kucha. Kwa mganga pia sitawazuia, maana hata nikiwazuia mtakwenda. Nchi hii ina sheria ya tiba asili tangu 2002 na Baraza lake linalosajili waganga, muulizeni kama amesajiliwa. Masharti yangu ni haya, na mwambieni bibi ni ya Sista: asifungwe kamba wala minyororo, asipigwe "kumtoa jini", asinyimwe chakula na maji kwa jina la mfungo, na asiachishwe vidonge hata siku moja. Akipewa dawa ya kunywa, mjulisheni muuguzi. Mganga akisema "chagua mimi au hospitali", chukueni mtoto wenu muondoke. Nimefanya kazi na waganga waungwana waliokuwa wakiniletea wagonjwa wenyewe kwa bodaboda, wakinilaumu tu kwamba sikuwatumia wa kwangu.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilaya ya Mbozi. Kuna mtoto wa darasa la nne anaanguka kifafa darasani. Wazazi wa wenzake wanadai atolewe, wanasema povu lile linaambukiza. Mama yake anasema alishapewa vidonge kliniki, "havikufanya kazi". Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, nakupa shikamoo hata kama mimi ndiye mkubwa, kwa kutomfukuza.

Povu haliambukizi. Ni mate tu ambayo mtoto ameshindwa kuyameza. Waambie wazazi hao kwenye kikao, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na ikiwezekana muuguzi wa zahanati awepo. Na uwafundishe watoto wenyewe, wao ndio huwa karibu: mwenzenu akianguka, sogezeni madawati, mlazeni ubavu, mwekeeni sweta chini ya kichwa, angalieni saa. Msimtie kijiko mdomoni. Msimnusishe kiatu wala kiberiti. Msimshike kwa nguvu. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali.

Ujue pia kwamba kwetu kifafa hutibiwa kliniki ile ile ya afya ya akili, ingawa ni ugonjwa wa ubongo na mtoto si mwehu. Watu wanaona jina la mlangoni wanageuza. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, Ulanga. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya kuangukia motoni, waliotengwa, wanaokula peke yao kwa kuogopwa mate. Alichowapa zaidi ni fenobabitoni, kidonge cha bei ndogo ambacho mpaka leo kipo kwenye makabati yetu. Wengi kuanguka kulipungua, wengine kukakoma. Na hapo ni Mahenge ya wakati ule, barabara unaijua.

Kwa hiyo nina mashaka na hilo la "havikufanya kazi". Mkae na mama, umuulize polepole bila kumhukumu: alikuwa anampa kila siku? Viliisha lini? Alirudi tarehe aliyopewa? Mara nyingi utasikia alimpa akaacha, kwa kuwa mtoto alikaa mwezi mzima bila kuanguka wakadhani amepona, au hakuna aliyekuwa na nauli. Fenobabitoni haitaki kukatishwa ghafla, ukikatisha degedege huja kwa mfululizo. Mtoto anatakiwa akae miaka miwili hivi bila kuanguka hata mara moja ndipo kliniki ifikirie kupunguza. Kama kweli anameza kila siku na bado anaanguka, basi dozi iangaliwe au dawa ibadilishwe, ziko nyingine.

Jambo moja la huko kwenu. Mnafuga nguruwe, na wengine wanatembea wenyewe. Tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu bapa, ni mojawapo ya visababishi vya kifafa nyanda zenu: mayai yake yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yanaingia mdomoni kwa mikono au mboga chafu, na mabuu yake yanakwenda kukaa ubongoni. Choo, sabuni, nguruwe bandani, nyama iive. Hilo somo la sayansi lipo tayari, mwalimu, liweke na sababu yake.

Na huyo mtoto asikae dirishani ghorofani, asitumwe mtoni peke yake, asikoke moto. Mengine yote, mpira ukiwemo, acheze.

SWALI: Rafiki yangu chuoni Mwanza amefeli mitihani, na juzi ameniambia "nikiondoka msinilie". Amegawa nguo zake. Nataka kumpeleka hospitali lakini ninaogopa, nimesikia kutaka kujiua ni kosa la polisi.

JIBU: Usimwache peke yake leo. Soma hii ukiwa njiani kumfuata.

Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, linakuwemo tayari, na wengi huvuta pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Usimhubirie, usimwambie wenzake wana shida kubwa kuliko yeye. Ondoeni chumbani dawa, sumu za panya na za wadudu, na chochote anachoweza kujidhuru nacho. Awe na mtu mpaka asubuhi. Kisha mpeleke hospitali, hata kama ni usiku, hata kama si siku ya kliniki. Hii haisubiri siku ya kliniki.

Kuhusu polisi: ni kweli Kanuni ya Adhabu yetu inataja kujaribu kujiua kuwa kosa. Nimekuwa nikiona ni sheria inayowaficha watu walio hatarini, na Kenya mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Lakini rafiki yako hajafanya kitu. Kumwambia muuguzi "ninawaza kufa" si kosa popote, ni maelezo ya mgonjwa, kama kusema kifua kinabana. Mwambie hivyo mlangoni, kama ataanza kusita.

Na baada ya hapo kuna kliniki ya kurudi, wiki moja au mbili baadaye. Wewe ndiye utakayekumbuka tarehe, yeye hataikumbuka. Mjulishe mlezi wa wanafunzi na ndugu mmoja anayemwamini, usibebe peke yako.

SWALI: Habari Sista, mimi dereva bodaboda, Arusha. Niliumwa akili mwaka juzi, natumia vidonge, niko fiti. Lakini dawa zinanipa usingizi, na kuna jambo la ndani siwezi kusema kwa muuguzi, yeye ni mdada. Mke analalamika. Nataka kuacha.

JIBU: Nimekuelewa kaka, na mke wako nimemwelewa pia.

Nguvu za kiume kupungua ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa hizi. Hujalogwa na hujazeeka. Wanaume wengi wameacha kliniki kwa sababu hiyo, kisha wakarudishwa miezi michache baadaye na ndugu wanne wamewashika, na hakuna aliyejua chanzo kwa vile hawakusema. Kliniki inaweza kupunguza dozi, kubadilisha saa ya kumeza au kubadilisha dawa yenyewe. Lakini wewe mwenyewe usipunguze. Kwa mtu aliyeugua mara ya kwanza, dawa huendelea angalau mwaka mmoja baada ya kupona kabisa, na kuacha hufanywa kwa kushuka ngazi, kliniki ikiangalia. Kama umeshaugua zaidi ya mara moja, muda unakuwa mrefu zaidi.

Usingizi: uliza kama dozi yote inaweza kuhamia usiku. Na siku ambazo kichwa ni kizito, usibebe abiria. Kama unaongeza konyagi juu ya hizo dawa, hapo ndipo usingizi unapotoka, na sitaki kusikia habari zako barabara ya Moshi.

Kumwambia mdada ni hivi: hakuna unalolijua juu ya mwili wa mwanaume ambalo muuguzi hajaliona. Bado unaona haya? Andika kwenye kikaratasi, "dawa zinaniharibia unyumba", kiweke ndani ya kadi yako ya kliniki, umpe kadi. Atasoma, atafunga mlango, atakuuliza maswali mawili matatu bila kucheka. Nilikuwa nikipokea vikaratasi vya namna hiyo kila kliniki, kimoja kilikuwa kimeandikwa nyuma ya risiti ya petroli.